Mgeni na Jembe: Picha Bora za Peter Weir

Msimu wa baridi uliopita sisi wachache tunaokutana Jumamosi usiku, kwa zamu, sebuleni kwa huyu au kwa yule, tulikubaliana kuyaweka kando mabishano ya siasa za nyumbani na badala yake kuangalia picha. Mwenzetu mmoja akaleta Green Card, akiisifu kwamba ndiyo picha pekee ya kizungu iliyowahi kueleza habari za makaratasi. Tuliicheka, tukaipenda, na wakati wa kuvaa makoti mtu akauliza: huyu aliyeiongoza ni nani? Tukapekua, tukakuta ni Peter Weir, Mwaustralia aliyezaliwa Sydney mwaka 1944. Hapo ndipo tulipogundua kwamba wengi wetu tulikwisha kuziona picha zake zamani, moja hapa na moja pale, bila ya kujua kwamba zimetoka mkono mmoja. Huyu aliiona Witness kwa mkanda wa kukodi Dar es Salaam, yule alionyeshwa Dead Poets Society na mwalimu wake wa Kiingereza hapa Uingereza, na karibu wote tumeiona The Truman Show na watoto.

Basi tukazitafuta zote. Picha ndefu alizozitengenezea majumba ya sinema ni 13, ya kwanza ya mwaka 1974 na ya mwisho ya mwaka 2010. Ilituchukua majira yote ya baridi na kipande cha majira ya machipuko, na chai nyingi.

Wanaoandika habari za sinema humsifu Weir kwa ufundi, kisha humpunguzia kwa kusema kwamba hana alama yake mwenyewe. Hitchcock unamtambua kwa dakika tano. Huyu leo anakupa hadithi ya majabali na wasichana waliopotea, kesho vita, keshokutwa polisi, kisha shule, mapenzi, ajali ya ndege, merikebu. Fundi wa kazi zote, wanasema, kama yule wa mtaani anayetengeneza redio, pasi na cherehani. Sisi baada ya kuziangalia kwa mfululizo tuna rai nyingine. Alama ipo, na labda watu wanaoishi ugenini wanaiona upesi zaidi kuliko wengine. Takriban kila picha yake ina mtu anayeingia katika nyumba isiyo yake, na kinachomshughulisha Weir ni siku ambazo mtu huyo yumo ndani, na namna anavyotoka.

Tuanze na Witness ya mwaka 1985, kwa sababu ndiyo iliyotukalisha hadi saa saba za usiku. Mjane kijana, Rachel Lapp, wa jamii ya Waamishi wa Pennsylvania, anasafiri na mwanawe Samuel kwa treni. Waamishi ni watu wa dini wanaojitenga na mambo ya kisasa, hawatumii magari wala umeme wa gridi, nyumbani wanasema lahaja yao ya Kijerumani, na kila asiye wa kwao humwita Mwingereza, hata akiwa Mmarekani wa damu. (Hapo tulicheka sana, sisi tuliopigania miaka mingi kuitwa hivyo na Home Office.) Kituoni Philadelphia mtoto anashuhudia mauaji chooni. Polisi John Book, Harrison Ford huyo, anagundua kwamba wauaji ni polisi wenzake, anapigwa risasi, na anakimbilia shambani kwa akina Lapp kujificha.

Kabla ya mauaji kuna kisa kidogo cha nusu dakika ambacho wengine wanaweza kukipita bila ya kukiona. Samuel anazunguka kituoni peke yake, amechoka na macho ya watu. Kwa mbali anamwona mzee mwenye ndevu, kofia nyeusi na koti jeusi, na anamwendea kwa furaha, akidhani ni mtu wa kwao. Mzee anageuka. Ni Myahudi wa dhehebu la kale. Wanatazamana, mtoto anarudi nyuma. Nani katika sisi hajafanya hivyo? Umemwona mtu kituo cha basi kavaa kofia ya kazi ya mkono, umemkimbilia na shikamoo yako, naye akakujibu kwa lugha ambayo hata jina lake huijui.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Witness imeuchukua msemo huo kama ulivyo. Book akishapata nafuu anaamshwa alfajiri na mzee Eli, mkwewe Rachel, akakamue ng'ombe. Hajui. Mzee anamcheka bila ya kumdharau. Anavishwa nguo za marehemu mume wa Rachel, suruali fupi mno, na bastola yake inatiwa jikoni, mbali na mtoto. Kisha inakuja ile siku ya kujenga banda kwa ajili ya arusi mpya, kazi ya ujima kama tulivyokuwa tukifanya kwetu wakati wa kuezeka. Wanaume wanapanda na mbao, wanawake wanaandaa chakula, watoto wanapeleka maji, na mpaka jioni mifupa ya banda imesimama. Hakuna maneno karibu yoyote, ni muziki wa Maurice Jarre tu na nyundo. Book alikuwa seremala kabla ya upolisi na siku hiyo jembe lake analijua. Mpinzani wake kwa Rachel, Daniel, anampokea kikombe cha maji ya limau na kumpisha mahali pa kugonga msumari. Tunaona wazi kwamba angeweza kuwa mmoja wao.

Na asiwe. Hapa ndipo tunaposema Weir ni mkubwa. Mwongozaji mwingine angemtia Book katika kofia ya Waamishi daima, au angemtorosha Rachel mjini. Weir anamwacha Book ampige ngumi kijana wa mjini anayewadhihaki Waamishi njiani. Watazamaji wanashangilia, tulishangilia na sisi, lakini ile ngumi ndiyo inayowajulisha maadui alipo. Amewatetea wenyeji wake kwa njia ambayo wao wameikataa kwa karne nyingi, na mauti yanafika mpaka uani kwao. Mwishoni anayewaokoa ni mtoto anayepiga kengele na majirani wanaokuja mikono mitupu, wakasimama tu, wakatazama. Muuaji aliyebaki ana bunduki na hana la kufanya nayo mbele ya macho yote yale.

Kuagana kwa Book na Rachel hakuna hotuba. Anasimama mlangoni, wanatazamana, basi. Gari linapoondoka linapishana na Daniel anayekuja kwa miguu kuelekea nyumbani kwa Rachel. Mama mmoja katika baraza letu, ambaye kwa kawaida husinzia katikati ya picha, alisema: huyo ndiye wa kukamua ng'ombe kesho asubuhi. Hatukupata uhakiki mzuri zaidi ya huo msimu mzima. Picha ilipata tuzo 2 za Oscar, ya andiko na ya uhariri. Weir aliteuliwa kwa uongozaji akakosa, na ikawa ndiyo desturi yake.

Tukirudi kwenye Green Card ya mwaka 1990, tunajua kwamba wasomaji wengi wataitetea, na hatutaki ugomvi. Weir aliiandika mwenyewe. Georges, Mfaransa, anataka kibali cha kuishi Marekani. Brontë, Mmarekani mpenda mimea, anataka nyumba yenye banda la vioo la kuoteshea mimea, na wenye nyumba wanataka wapangaji walioolewa. Wanaoana kwa karatasi, wanaachana siku hiyo hiyo, kisha idara ya uhamiaji inabisha hodi. Sehemu ya kusomeana maisha ni tamu: mswaki wa rangi gani, unalala upande gani, na zile picha wanazopigana juu ya dari wakijifanya wako fungate katika theluji. Halafu mahojiano, na Georges anakwama kwenye jina la mafuta ya uso ya mkewe. Tulipoiangalia, wawili kati yetu hawakucheka hapo. Mmoja aliwahi kuulizwa katika chumba kama kile rangi ya mapazia ya chumbani, na ndoa yake ilikuwa ya kweli, hakukumbuka rangi.

Kasoro yetu na picha hii ni wepesi wa gharama. Georges akifukuzwa anarudishwa Paris, atamwandikia mpenzi barua, naye atakuja. Afisa wa uhamiaji ni mtu wa haya anayesikitika. Kwa watu tunaowajua, kurudishwa ni kurudi mikono mitupu mbele ya ukoo uliouza shamba kukulipia tiketi. Weir anajua kufanya kuondoka kuume, amefanya hivyo katika Witness. Hapa amechagua kuchekesha, na ni haki yake, lakini tusiiweke juu kwa sababu tu imezungumza habari zetu. Picha bora juu ya ugeni aliyoitengeneza haina karatasi hata moja ndani yake.

Sasa Australia yenyewe. Picnic at Hanging Rock ya mwaka 1975, kutoka riwaya ya Joan Lindsay, ndiyo iliyomtoa Weir kwao. Siku ya Mtakatifu Valentine, mwaka 1900, wasichana wa shule ya bweni huko Victoria wanapelekwa mandari chini ya jabali kubwa. Nguo nyeupe, glavu, vitabu vya mashairi, keki. Saa zinasimama saa sita mchana. Wasichana wanne wanapanda jabali, mmoja anarudi akipiga mayowe, na watatu wanatoweka pamoja na mwalimu wao. Baadaye anapatikana mmoja tu, hai, hakumbuki kitu. Hatuelezwi. Watazamaji waliozoea picha ambazo dakika kumi za mwisho mzee wa kijiji anafafanua kila jambo watakasirika, na kwetu walikasirika: kijana mmoja alitaka turudishe nyuma tuone kama tumepitwa. Hatukupitwa. Mpiga picha Russell Boyd alitia kitambaa cha shela ya biarusi mbele ya kamera ili mwanga uwe laini kama wa ndotoni, na filimbi ya Zamfir haikutoki sikioni kwa wiki nzima. Kinachobaki ni wale Waingereza wadogo waliovishwa mavazi ya baridi katika joto la nchi ambayo haikuwaalika, na jabali lisilojali.

Hata hivyo wenye nchi, wale waliokuwapo kabla ya Waingereza, katika picha hiyo karibu hawaonekani. Weir mwenyewe ni kama aliliona hilo, maana miaka miwili baadaye alitoa The Last Wave, ambamo wakili mzungu wa Sydney anawatetea wenyeji wa asili walioshtakiwa kwa kuua na anaanza kuota mambo ya sheria yao ya kale. David Gulpilil, aliyefariki mwaka 2021, anaigiza Chris, na kila anapoingia wengine wote wanakuwa kama vivuli. Kuna chakula cha jioni nyumbani kwa wakili ambapo mkewe anakiri kwamba ukoo wake una vizazi vinne nchini na hajawahi kukutana na mwenyeji wa asili. Na mzee Charlie anamuuliza wakili swali moja tu tena na tena: wewe ni nani? Mgeni hapa ni mzungu aliyezaliwa hapo hapo. Picha inapotea njia mwishoni, mafuriko na mapango, lakini meza ile ya chakula tungeionyesha katika kila shule.

Gallipoli ya mwaka 1981 ni bora zaidi kwa umbo. Vijana wawili wakimbiaji, Archy na Frank, mmoja ana hamu ya vita na mwingine anajiunga kwa sababu marafiki wamejiunga. Wanavuka jangwa kwa miguu na kukutana na mzee mwenye ngamia ambaye hajasikia kwamba kuna vita. Archy anamweleza kwamba wasipowazuia Wajerumani huko, watafika hapa. Mzee anaangaza jangwa lile tupu na kusema hatamlaumu Mjerumani akilitaka. Tulisimamisha picha hapo tukazungumza kwa nusu saa, kwa sababu vita hivyo hivyo vilifika kwetu Tanganyika, na babu zetu walibebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza mpaka jina la kikosi cha wapagazi likabaki Kariakoo hadi leo. Na wao walielezwa nini juu ya Mjerumani, na waliangaza wapi? Weir hajibu swali letu, hakuwa na sababu ya kulijua, lakini yule mzee wa ngamia alilifungua.

Mwisho unajulikana: shambulio la The Nek, Agosti 1915, askari wanatolewa handakini safu baada ya safu mbele ya bunduki za Waturuki. Frank, mkimbiaji, anabeba amri ya kusitisha, na anachelewa kwa pumzi chache. Picha inaganda Archy akiwa kifua mbele kama anakata utepe wa mbio. Wanahistoria wamelalamika, kwa haki, kwamba mtazamaji anatoka akiamini ukaidi ulikuwa wa Waingereza, ilhali maofisa waliokuwa wakitoa amri pale walikuwa Waaustralia. Ni doa. Taifa changa hupenda kulia bila ya kujilaumu, na hilo tunalijua sisi tuliosoma historia za shule za kwetu.

Doa kubwa zaidi liko katika The Year of Living Dangerously ya mwaka 1982. Mwandishi wa habari Mwaustralia yuko Jakarta mwaka 1965, siku za mwisho za Sukarno. Picha inavutia, joto na mvua unavihisi mwilini, na Linda Hunt alipata Oscar kwa kumwigiza mwanamume mfupi, Billy Kwan, Mwaustralia aliyechanganya damu na Uchina. Ni uigizaji wa ajabu, na pia ni mwanamke mzungu aliyepakwa sura ya mtu wa Asia. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja. Lakini Waindonesia wenyewe ni njaa, ghasia na macho ya kutisha dirishani mwa gari. Mauaji yaliyofuata, ya watu kwa malaki, ni mandhari ya nyuma ya mzungu anayewahi ndege kwa mpenzi wake. Nyumba ya Waamishi Weir aliingia akavua viatu; Jakarta aliingia navyo. The Mosquito Coast ya mwaka 1986 ina ugonjwa huo kwa kiasi, ingawa huko angalau kichaa ni mzungu mwenyewe, Harrison Ford tena, anayepeleka mashine ya barafu msituni Amerika ya Kati kuwakomboa watu ambao hawakumwomba. (Mwandishi wa riwaya yake, Paul Theroux, aliwahi kufundisha Makerere.) Ford amefanya kazi ngumu, picha ni nzito, hatukuirudia.

Kwenye Dead Poets Society ya mwaka 1989 baraza letu liligawanyika vibaya, na itabidi tueleze. Mwalimu Keating, Robin Williams, anafika katika shule ya bweni ya matajiri mwaka 1959, anawaambia wavulana wachane kurasa za utangulizi wa kitabu cha mashairi, wasimame juu ya madawati. Katika andiko la mwanzo mwalimu alikuwa mgonjwa wa kufa; Weir akaliondoa hilo, akamwacha awe mtu mzima wa afya, mpita njia. Mwanafunzi Neil anataka kuigiza jukwaani, baba yake anataka awe daktari, na Neil anajiua.

Tulipokuwa vijana wote tulikuwa Neil. Mwaka huu tumeiangalia tukiwa akina baba na mama wenye watoto wa miaka 16, na wengine wetu, kusema kweli, tuligundua kwamba sauti ya Bwana Perry ni yetu. Daktari, mhandisi, mfamasia. Tumefanya kazi za usiku ghalani na hospitalini ili iwe hivyo. Neil anasema wazi kwamba wao si matajiri kama akina Charlie. Yaani baba amejinyima. Baada ya neno hilo moja Weir anamsahau. Bwana Perry hana hata dakika moja ya kutueleza alipotoka, anabaki uso wa jiwe, na picha inakuwa ya kuwabembeleza vijana dhidi ya wazee wao. Nusu ya baraza ilisema hivyo. Nusu nyingine ilisema tunamtetea Bwana Perry kwa sababu tunaogopa, na kwamba mtoto hakufa kwa ajili ya mashairi, alikufa kwa kuwa hapakuwa na mtu nyumbani wa kumwambia. Hoja hiyo haikujibiwa usiku ule. Tunaiandika hapa kama ilivyobaki. Kwa upande wa sinema, tunashikilia kwamba ni picha ya pili au ya tatu kwa umaarufu wake na labda ya nane kwa ubora.

Fearless ya mwaka 1993 karibu hakuna aliyeiona ilipotoka. Jeff Bridges ananusurika ajali ya ndege na hawezi tena kuogopa wala kurudi kwa mkewe. Amekuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Rosie Perez ni mama aliyempoteza mtoto mchanga katika ajali hiyo kwa sababu mikono yake haikuweza kumshika. Mwanamume anampa sanduku la vifaa alipakate kama mtoto, analiendesha gari kwa kasi na kuligonga ukutani makusudi, ili aone kwamba hakuna mikono duniani ingeweza. Ni kitendo cha kichaa na ni rehema pia. Itafuteni.

The Truman Show ya mwaka 1998 mnaijua. Truman, Jim Carrey, amelelewa tangu kuzaliwa ndani ya mji wa bandia chini ya kuba kubwa, na dunia nzima inamtazama kwa televisheni. Mkewe, rafikiye, mama yake, wote ni waigizaji. Ili asiondoke kisiwani alitiwa hofu ya bahari utotoni, kwa kumzamisha baba yake mbele ya macho yake. Katika ofisi ya wakala wa safari kuna bango la ndege inayopigwa radi. Wengi huizungumza kama picha juu ya televisheni, na kwa hilo iliona mbali. Sisi tulikuwa tukiitazama na watoto, na mtoto wa miaka 14 akasema kwa Kiingereza, halafu akakaripiwa, akarudia kwa Kiswahili: hii ni kama nyumbani kwetu. Alimaanisha kwamba ndani kwao ni Unguja ya mwaka 1985, mkeka, udi, taarabu ya kale, maneno ambayo binamu zake walioko Unguja leo hawayatumii tena, na nje ya mlango ni Uingereza ambayo ameonywa nayo kila siku. Hakuna aliyecheka. Christof, yule mtengeneza kipindi, haamini kwamba anamtesa Truman. Anaamini anampenda, na Ed Harris anaigiza upendo huo bila ya mzaha hata kidogo, ndiyo maana anatisha. Truman anasafiri kwa mashua mpaka omo inachoma mbingu iliyochorwa kwa rangi. Anaishika mbingu kwa kiganja. Kisha anapanda ngazi, anainama kama mwigizaji, anatoka. Hatuonyeshwi anakutana na nini huko nje.

Na Master and Commander: The Far Side of the World ya mwaka 2003, kutoka riwaya za Patrick O'Brian. Hii tuliipanga kwa ajili ya mzee wetu mmoja aliyepanda majahazi ujanani, naye alikuja nusu saa kabla ya wakati. Mwaka 1805 merikebu ya Kiingereza, Surprise, inafukuzana na ya Kifaransa iliyo kubwa na imara zaidi. (Katika kitabu adui ni Mmarekani, mwenye kulipia picha hupewa heshima yake.) Russell Crowe ni nahodha, Paul Bettany ni tabibu anayetaka kuangalia ndege na mijusi ya Galápagos. Hakuna mapenzi, wanawake hawapo ila mmoja wa kupita, na mapigano makubwa ni mawili tu. Muda uliobaki ni watu kuishi pamoja mahali padogo.

Mzee wetu alifumba macho kwa dakika kadhaa za mwanzo. Tukadhani kalala. Alikuwa anasikiliza: kamba zinavyolalamika, mlingoti unavyonguruma chini, tanga linavyopiga kabla ya kujaa. Akasema wamepatia. Oscar ya uhariri wa sauti ilikwenda huko kweli, na nyingine kwa Russell Boyd, yule yule wa Picnic. Iliteuliwa kwa tuzo 10, mwaka ambao The Lord of the Rings ilizoa zote zilizobaki.

Katika dhoruba mlingoti unakatika na baharia mmoja anaanguka nao baharini. Ule mti uliofungamana na kamba unaivuta merikebu na utaizamisha. Yule mtu anaogelea kuufikia, anakaribia. Nahodha anaamuru kamba zikatwe, na mmoja wa wanaoshika shoka ni rafiki wa kufa na kuzikana wa yule aliye majini. Anakata huku analia. Weir anarudi kumwonyesha yule mtu akibaki nyuma, kichwa kidogo katika maji ya kijivu. Mzee wetu alizungumza kidogo baada ya hapo, juu ya safari moja ya kaskazi, na hatutayaandika aliyoyasema kwa kuwa hakuyasema kwa ajili ya jarida. Kwetu sisi hii ndiyo picha kamili zaidi ya Weir. Witness inagusa zaidi, lakini ina majambazi ambao wangeweza kutoka picha yoyote. Humu hakuna mtu wala kamba isiyo na kazi yake.

Baada yake aliongoza The Way Back, mwaka 2010, wafungwa wanaotoroka kambi ya Siberia na kutembea hadi India. Ni picha ya heshima, ndefu kama safari yenyewe, imetoka katika kitabu ambacho ukweli wake umetiliwa shaka sana. Hajatengeneza nyingine. Mwaka 2022 Marekani ilimpa Oscar ya heshima baada ya kumnyima zote za mashindano, na mwaka 2024 Venice ikampa Simba wa Dhahabu wa kazi ya maisha.

Wanaotaka kuanza waanze na Witness, kisha Picnic, kisha Fearless kabla hawajaambiwa na mtu inahusu nini zaidi ya tulivyowaambia. Diski ya Master and Commander iko kwa mzee wetu tangu usiku ule, na kila tukimuuliza anasema bado anaisikiliza.